Mrejesho: Ngoma ya kweche wa Jackson, Kinangop

Niliuliza humu tusimame wapi Kinangop, Kenya, jioni kuwaona kweche wa Jackson (Euplectes jacksoni), ndege wa nyasini ambao madume ni weusi, wakirukaruka kuvuta majike. Asanteni kwa majibu. Siri iko chini, si angani: tafuteni duara la nyasi zilizokanyagwa, katikati kumeachwa kishungi kimoja kimesimama. Duara hilo ni kiwanja cha dume. Anaruka wima palepale, kichwa nyuma, mkia umepinda karibu uguse shingo, miguu ikichapa hewa. Palipolishwa ng'ombe mpaka chini, piteni tu. Fikeni saa kumi na moja, jua likiwa mgongoni. Mkilielekea, ndege mweusi hivyo ni kivuli tu. Nje ya msimu wa kuzaliana msihangaike: dume hupoteza mkia, akafanana na jike, kahawia yenye michirizi.