Nini kilikufanya uhamie ufugaji hai (usiotegemea kemikali za viwandani) wa ng'ombe wa maziwa? Tupeane uzoefu

Daftari la Zizi: Wakuu, mkaguzi wa cheti cha ufugaji hai kaondoka sasa hivi, nimekumbuka nilikotoka. Kilichonisukuma mimi ni madeni ya mbolea ya chumvichumvi na vyakula vya kununua. Mapenzi ya udongo yalikuja baadaye, nilipoona nyungunyungu wamerudi shambani. Wenzangu je?

Mkamuaji: Bei ya maziwa. Sitadanganya.

Mama Ndama: Mimi ni utepe mwekundu. Tulikuwa na ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, tukamtia antibiotiki kwenye chuchu, tukamfunga utepe mguuni ili maziwa yake yasichanganywe. Alfajiri kijana wa zamu akakamua wote. Mimi naosha ndoo, nauona utepe umelala kwenye matope. Gari la maziwa lilishaondoka! Nikapiga simu mwenyewe huku mikono inatetemeka. Gari zima likamwagwa, pamoja na maziwa ya majirani, na gharama nikabeba mimi. Mume wangu alikaa juu ya ndoo, hakusema neno hadi jioni. Usiku nikafungua daftari: yule ng'ombe alikuwa ametibiwa mara ya nne mwaka ule. Ndipo nikaelewa kuwa ninatibu zizi bovu kwa sindano. Tukaweka matandiko makavu, tukapunguza nafaka, ng'ombe wakaanza kwenda malishoni. Kuomba cheti baada ya hapo hakukuwa kazi.

Majani Mabichi: Pole dada. Nimesoma huku nimeshika kichwa.

Dawa Kwanza: Pole, lakini msije mkaacha ng'ombe ateseke mkilinda cheti. Nimeliona kwa macho yangu, linaniuma hadi leo.

Mkamuaji: Nani kasema tunawaacha? Umoja wa Ulaya antibiotiki zinaruhusiwa, ila unasubiri mara mbili ya muda wa kawaida kabla ya kuuza maziwa.

Dawa Kwanza: Na Marekani? Akishapewa, maziwa yake hayauzwi tena kama hai. Huoni hicho ni kishawishi?

Majani Mabichi: Kishawishi kipo, ila kanuni zilezile zinakataza kumnyima dawa ili kulinda hadhi yake. Anatibiwa, anatoka kundini. Tusipotoshane.

Mgeni Malishoni: Nataka kuanza mwakani. Nianzie wapi?

Daftari la Zizi: Anza na ardhi. Kwa kanuni za Marekani ni miaka 3 bila kemikali zilizokatazwa, na ng'ombe mwaka 1 wa kutunzwa kwa kanuni za ufugaji hai. Gharama unabeba, bei bado ile ya zamani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Mkamuaji: Tafuta mnunuzi kwanza!

Majani Mabichi: Ukisubiri mnunuzi hutaanza. Panda mikunde kwenye malisho, mengine yatafuata.

Mgeni Malishoni: Mama Ndama, yule ng'ombe yupo?

Mama Ndama: Yupo, kazaa mara mbili tangu siku ile. Siku hizi anayetibiwa tunamfunga utepe miguu yote miwili, na namba yake tunaiandika kwa chaki mlangoni.