Babu aliyekuja na reli: kijiji chake India nitakipataje?

Mjukuu_Kisumu: Wadau, baba wa babu yangu alikuwa Kalasinga, fundi seremala. Husemwa alikuja kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu (1896–1901), "mtu wa Karachi". Nianzie wapi?

Daftari_la_Ukoo: Ndugu, Karachi ilikuwa bandari ya kupandia meli, vibarua wengi walitoka Punjab, jimbo la kaskazini. Jina "Singh" halitakusaidia, Makalasinga karibu wote wanalo. Tafuta jina la baba yake, ukoo na kijiji kwenye pasipoti za zamani na kumbukumbu za ndoa za gurudwara (hekalu la Makalasinga). Hiyo habari ya reli nayo ihakiki: kati ya vibarua 32,000 hivi, waliobaki hawakufika 7,000. Mafundi wengi walikuja baadaye.

Bi_Nasaba: Ukishapata kijiji, ulizia *shajra nasab* kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya. Ni mti wa ukoo wa wenye mashamba, kwa hiyo seremala asiye na shamba huenda hayumo. Akikosekana, nenda Haridwar, mji wa hija wa Wahindu huko India: makuhani wa pale wana madaftari ya familia, na Makalasinga pia wamo. Utaulizwa ukoo na kijiji. Kumbuka mpaka wa 1947, India ilipogawanywa. Huenda kijiji sasa kiko Pakistani.

Mjukuu_Kisumu: Shukrani sana. Naanza na gurudwara.