Tovuti inasema saa 11 na nusu, tiketi inasema saa 33, nani mkweli?

JuuYaMawingu: Wakuu habari za jioni. Nina safari ya kutoka kiwanja kidogo kwenda kiwanja kingine kidogo, bara jingine kabisa. Nimeingia kwenye tovuti ya kupima umbali wa ndege ikanipa kilomita 9,400, saa 11 na nusu, nikafurahi weee. Sasa tiketi: naondoka Jumatatu saa 12 asubuhi nafika Jumanne saa 9 alasiri, ndege nne, ya kwanza na ya mwisho pangaboi, zile za propela. Hizo saa zingine zimeenda wapi jamani?

Mzee_wa_Pangaboi: Tovuti imepima tu mkuu, ratiba haijui. Inachora mstari mfupi kuliko yote juu ya dunia, inagawa kwa kasi ya jeti, tuseme 850 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Ndege ya kwenda 9,400 bila kusimama ni lijitu lile, likijaa mafuta na watu linataka njia ya kurukia ya kama kilomita 3 na kiwanja chako hakina hiyo. Ndio maana unabebwa na ATR, aina ya pangaboi, ambayo inaruka hata kwenye mita 1,500 ila mwendo wake ni kama 500 kwa saa, hadi kiwanja kikubwa, na wakati mwingine hicho kikubwa kiko nyuma yako kabisa yaani unaanza safari kwa kurudi kinyume.

JuuYaMawingu: Sawa, ila mbona kwenye ramani mstari wenyewe umepinda kama upinde? Si wangenyoosha?

uzi_na_tufe: Umenyooka huo, ramani ndiyo imelazwa. Chukua tufe na uzi, uvute uzi kati ya sehemu mbili utaona. Sehemu mbili zikiwa latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, kila moja upande wake wa dunia, ukifuata mstari wa latitudo ni kama kilomita 10,000, ukikatiza juu ya ncha ni 6,700 hivi.

Kwinini: Ngoja kwanza, hizo 33 umezipataje? Umechukua saa ya kufika ukatoa ya kuondoka? Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pale pale. Kule wako mbele kwa saa ngapi?

JuuYaMawingu: Saa 7, ni mashariki 😅

Kwinini: Basi safari ni saa 26. Na kwa kuwa unaelekea mashariki, pepo kali za huko juu zinaweza kukusukuma, wakati wa kurudi ndo utaisoma namba, saa nzima zaidi hewani si ajabu.

Mzee_wa_Pangaboi: Mi nachoogopa ni pangaboi ya mwisho. Viwanja vingi vidogo havina taa, jua likizama hakutui mtu. Yalinikuta, jeti ilichelewa dakika 40 tu, nikafika mlangoni naiona pangaboi yangu inazungusha, mlango ushafungwa, na nyingine ni keshokutwa. Nimelala kwenye viti vya chuma siku mbili. Una muda gani hapo katikati? Na tiketi ni moja au umenunua vipande vipande?

JuuYaMawingu: Dakika 50. Vipande 🙈

Mzee_wa_Pangaboi: Kabadilishe hiyo leo leo.