Acheni kutudanganya na picha ya riwaya bafuni na udongo usoni!

Wakuu, hii picha inayozungushwa kila Ijumaa jioni imetosha. Mtu kajilaza kwenye maji ya povu, udongo usoni, rangi ya kucha mbichi, mshumaa mmoja pembeni, riwaya mkononi. Chini yake: "Jipende wikendi hii." Aliyeitunga hajasoma hata sura moja katika hali hiyo. Ni kuharibu vitabu na ngozi za watu kwa mkupuo mmoja.

Mwanga kwanza, maana hapo uongo unaonekana upesi. Mshumaa mmoja ukiwa nusu mita kutoka kwenye ukurasa unatoa kama lux 4 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye ukurasa). Kusoma bila kusumbuka kunataka lux 300 hadi 500. Hupofuki, lakini kurasa chache tu unakodoa macho na kichwa kinagonga. Taa iwe nyuma ya bega. Mshumaa ubaki wa harufu.

Sasa maji. Riwaya nyingi za jalada laini hazishonwi. Kiwandani mgongo unakwanguliwa, unapakwa gundi ya moto, jalada linabandikwa, kwisha kazi. Joto linailainisha gundi hiyo. Mvuke nao unaingia kwenye karatasi, nyuzi zinavimba, ukurasa unapata mawimbi, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa. Halafu kuna wale wanaokikunja kitabu jalada kwa jalada ili washike kwa mkono mmoja! Gundi inapasuka katikati, kurasa zinadondoka, lawama kwa muuzaji. Kitabu kipya kizoeshe kufunguka kwanza: simamisha mgongo mezani, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha kurasa kama kumi kutoka mbele, kumi kutoka nyuma, ukipitisha kidole taratibu karibu na mgongo mpaka ukutane katikati. Dakika tatu.

Wachapishaji nao hawachomoki. Ukingo wa ndani mnaubana mpaka maneno ya mwisho yanamezwa na mgongo, msomaji afanye nini kama si kukipanua kwa nguvu? Na karatasi ikikatwa nyuzi zake zikiwa mlalo badala ya kufuata mgongo, kitabu hakilali. Ukikiachia kinajifunga chap kama mtego wa panya. Hilo si kosa la msomaji hata kidogo.

Udongo usoni: "subiri mpaka upasuke" ni ushauri wa hovyo. Ukikauka kabisa unanyonya unyevu wa ngozi, uso unabana, unawasha, unakuwa mwekundu. Dakika 10 zinatosha. Pembeni ukianza kupauka na katikati bado umelowa, osha. Na mnaowaambia watu wachanganye limau au ndimu, mna kesi ya kujibu. pH yake ni kama 2, yaani ni asidi kali kwa ngozi, na ndani yake kuna kemikali ambazo ngozi ikipigwa na jua zinaunguza, zinaacha madoa meusi ya wiki hadi miezi. "Lakini ni vitu vya asili." Upupu nao ni wa asili.

Kinachoendana na riwaya kweli ni kuloweka miguu, kwa sababu mikono inabaki mikavu. Maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 40, dakika 10 au 15. Si sura tano! Ukiloweka saa nzima ngozi inapoteza mafuta yake, na kisigino ulichotaka kukilainisha ndicho kinachopasuka. Sugua kwa jiwe kikiwa bado kimelowa, kwa wepesi, kausha mpaka katikati ya vidole, paka mafuta mazito, vaa soksi. Mwenye kisukari asiloweke kabisa, anaweza kuungua au kupata kidonda asikisikie.

Baada ya soksi, nawa mikono kwa sabuni ndipo ushike kitabu. Mafuta yakigusa karatasi yanajaza nafasi kati ya nyuzi, mwanga unapenya, unapata lile doa linaloonyesha maandishi ya upande wa pili. Halitoki. Rangi ya kucha iwe ya mwisho, kitabu kikishafungwa: paka tabaka mbili nyembamba, dakika chache katikati. Ukiigusa unaona imekauka, kumbe chini bado laini kwa saa kadhaa, na ncha ya ukurasa inatosha kuichora.

NYONGEZA, kwa mnaouliza kuhusu ukurasa ulionyofoka: msitumie selotepu, inageuka njano na kuacha gundi inayonata. Chukua gundi nyeupe ya karatasi, paka kwa kijiti mstari wa milimita 2 tu kwenye ukingo wa ndani, sukuma ukurasa mpaka uguse mgongo, weka karatasi ya nta kila upande, funga, pandisha vitabu vizito juu. Usikifungue mpaka kesho yake. Ukipaka nyingi inachuruzika na kugandisha kurasa za jirani, na hapo sina la kukusaidia.