Wastani 78 au wastani 64 unaopanda: ninyi mngechagua shule ipi?

MamaPacha
Habari zenu wanajukwaa. Pacha wangu wanaingia darasa la tatu na nimebakiwa na shule mbili. Ya kwanza, alama yake kwenye mtihani sanifu wa darasa la sita ni 78. Ya pili ni 64. Baba yao anasema hapo hakuna cha kujadili. Lakini mwalimu mkuu wa ile ya pili alinifungulia faili akanionyesha kwa kidole: watoto haohao walipokuwa darasa la tatu walikuwa na 49. Nikarudi shule ya kwanza kuuliza wao walianzia wapi, nikajibiwa 77. Tangu siku hiyo sina raha. Nisaidieni kulinganisha.

BabaNuru
Mimi niko upande wa mzee. Mtoto hujifunza kwa mwalimu, na hujifunza pia kwa anayekaa naye dawati moja. Darasa likijaa watoto wanaosoma vizuri, mwalimu anakwenda mbele badala ya kurudi nyuma kila wiki. Hiyo 78 si bure.

Mwalimu_Tatu
Kaka BabaNuru, nakuelewa, ila nimefundisha shule za aina zote mbili na siwezi kukaa kimya. Alama ya mwisho imebeba vitu vingi: vitabu vya nyumbani, mzazi aliyemsomea mtoto hadithi tangu akiwa mdogo, usingizi wa kutosha. Shule inaikuta hiyo akiba mlangoni. Kazi yake halisi inaonekana kwenye kile inachoongeza.

Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua matokeo ya wilaya za shule za umma Marekani nzima. Alikuta kwamba alama za darasa la tatu na kasi ya kupanda baada ya hapo hazifuatani sana. Watoto wa Chicago walianza chini ya wastani wa nchi, halafu kati ya darasa la tatu na la nane, yaani miaka mitano, wakapiga hatua ya karibu miaka sita. Ungetazama alama zao za mwanzo tu, ungezipita shule hizo bila kugeuka.

Mizani
Kabla hamjafika mbali: dada MamaPacha, hizo 49 na 64 ni namba za nini hasa? Ni asilimia ya maswali waliyopata? Kama ndivyo, hazilinganishiki, kwa sababu mtihani wa darasa la tatu na wa darasa la sita ni mitihani tofauti. Mmoja unaweza kuwa mwepesi tu. Ndiyo maana Uingereza alama za watoto wanaomaliza shule ya msingi hugeuzwa kwanza kuwa kipimo cha 80 hadi 120, ambapo 100 ndicho kiwango kinachotarajiwa, ili mwaka mgumu usimwadhibu mtoto. Au ni pasentaili, yaani nafasi ya mtoto kati ya wenzake 100? Wazazi wengi wanaona 62 wanadhani mtoto amekosa maswali 38, kumbe amewapita wenzake 62 katika kila 100.

MamaPacha
Nimepiga simu kote kuwili. Ni nafasi, tena ni ya mtoto wa katikati wa shule, yaani anayeangukia katikati wakipangwa kwa alama. Asante, nisingewaza kuuliza.

Mizani
Basi picha imebadilika. Shule ya pili watoto wake wamewapita wenzao waliokuwa mbele yao. Na tuitendee haki ya kwanza: kubaki 77 au 78 maana yake wamekwenda mwendo uleule wa wengine. Hawajazembea. Ila usiamini mwaka mmoja. Darasa likiwa na watoto 20, mmoja akiugua siku ya mtihani tayari ni asilimia 5 ya darasa. Omba matokeo ya miaka mitatu au minne mfululizo.

Mwalimu_Tatu
Na asije mtu akakuambia utazame asilimia ya waliofaulu. Hicho kipimo nakiogopa. Mstari wa kufaulu ukiwa 60, mtoto aliyetoka 20 hadi 45 haonekani popote, na aliyetoka 58 hadi 61 anashangiliwa. Shule niliyowahi kufundisha tulipewa orodha ya watoto wa mpakani, majina kumi na moja, tukaambiwa tuwakazanie hao. Waliokuwa chini kabisa walikaa nyuma wakichorachora. Nilimkuta mmoja hajui kusoma neno lenye silabi tatu, na mwaka ulikuwa unakwisha.

Jambo jingine: uliza walioingia darasa la tatu walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa darasa la sita ni wangapi. Shule nyingine inalinda alama kwa kuwarudisha watoto dhaifu darasa la nyuma au kuwahamisha. Wakiondoka, namba inapanda yenyewe, hakuna aliyefundishwa.

BabaNuru
Hili la kuhesabu watoto sikulifikiria kabisa. Lakini bado nasema, mama, kaa darasani asubuhi moja. Wakiwa wanajaziwa karatasi za mitihani iliyopita kutwa nzima, hata hiyo 64 ni ya kukariri.

MamaPacha
Nimerudi. Shule ya pili waliingia 88, waliofanya mtihani 85, na miaka mitatu iliyotangulia nayo watoto walipanda. Shule ya kwanza waliingia 41, waliofanya mtihani 29. Niliuliza wale 12 wako wapi, mhasibu akamtazama mwalimu, mwalimu akasema wazazi walihama.

Nilikaa darasa la nne la ile ya pili. Binti mmoja alikosea kugawanya ubaoni, mwalimu akamwacha aeleze alivyowaza hadi akaliona kosa mwenyewe. Ilichukua dakika nane hivi, na hakuna aliyemcheka. Baba yao nimemwonyesha zile namba mbili, 41 na 29. Jumatatu tunapeleka fomu.

BabaNuru
Shule ya pili?

MamaPacha
Ya pili, kaka.