Naomba ushauri: nyumba ya urithi, hati bado ina jina la marehemu

Habari zenu wakuu. Nataka kununua nyumba Mbagala, tumeshaelewana milioni 38. Hati bado ina jina la marehemu baba yao. Wanaouza ni watoto watatu, mmoja ameteuliwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Mtoto wa nne, dada yao, yuko Tanga, nikimpigia hapokei, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Nimefanya upekuzi ofisi ya ardhi, nyumba haina mkopo wala zuio. Dalali anataka nilipe nusu wiki hii, tuandikishiane serikali ya mtaa. Hii ni akiba yetu ya miaka tisa na mke wangu.

Je, msimamizi anaweza kuuza bila huyo dada kuridhia? Na nisubiri hati ihamie kwanza jina la msimamizi ndipo nilipe?