Kuhamia Uingereza na mtoto mwenye usonji

Mama Neema: Habari zenu, ndugu zangu. Tunahamia Leeds kutoka Tanga pamoja na binti yetu wa miaka 7 mwenye usonji, ambaye anazungumza Kiswahili pekee. Je, ataanza kusaidiwa lini?

Baba Salma: Dada, msisubiri shule iwaombee. Chini ya sheria ya Uingereza ya watoto na familia ya mwaka 2014, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri kuomba mtoto afanyiwe tathmini. Halmashauri ina wiki 6 za kujibu, na mpango wa mtoto wa elimu, afya na huduma za jamii, yaani hati inayoeleza msaada atakaopewa, ukikubaliwa, unapaswa kukamilika ndani ya wiki 20. Wakikataa, kateni rufaa.

Bi Zuhura: Wakati huohuo, mwoneni mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu shuleni, kwa sababu msaada wa darasani hauhitaji kungoja mpango huo. Muhimu zaidi, sheria hiyohiyo inasema kwamba kutojua Kiingereza peke yake si ugumu wa kujifunza, kwa hiyo tafsirini ripoti za mwalimu wake wa Tanga, ili ionekane wazi kwamba alihitaji msaada hata alipofundishwa kwa Kiswahili.

Mama Neema: Nashukuru sana. Kesho nitamwomba mwalimu wake aziandike.